Nyanya ya Mbegu ya Mzee Abduba

Kwa miaka sitini na minne Abduba aliamini kwamba Mungu aliumba majani kwa ajili ya mbuzi, na mbuzi kwa ajili ya Abduba. Mboga ikiwekwa kwenye sahani yake aliisukuma kando kwa kidole, taratibu, asije akamuudhi mpishi. Basi msishangae kwamba mkewe Umulkheir alipolima kitalu nyuma ya nyumba yao mjini Isiolo, mzee hakutia mguu huko. Alikaa mbele, kwenye kiti cha plastiki, akihesabu malori.

Kilichombadilisha ni maneno machache ya jirani. Karwitha, mwalimu kutoka Meru aliyepanga nyumba ya pili, alimletea Umulkheir mbegu za nyanya nyeusi za aina tatu, zimefungwa kwenye karatasi za daftari.

"Hizi si haibridi," alisema. "Ni mbegu za zamani, watu wanarithishana. Ukipanda mbegu yake, mtoto anatoka vile mama yake alikuwa."

Abduba, aliyekuwa akijifanya hasikii, alisikia. Mama anayezaa mtoto wa kufanana naye, kizazi hadi kizazi, damu isiyochanganyika. Hiyo haikuwa mboga tena. Hiyo ilikuwa mifugo.

Minyanya ilipoanza kuzaa, kila asubuhi baada ya swala alikizunguka kitalu na fimbo yake mgongoni, akiinama hapa, akiguna pale. Karatasi za Karwitha zilikuwa na majina ya Kizungu, lakini Abduba alizipa nyanya majina kwa rangi, kama ilivyo desturi ya mtu mwenye ng'ombe. Zile ndogo zenye rangi ya zambarau aliziita Zambarau, bila kujichosha. Zile kubwa za rangi ya kahawa, zenye mabega ya kijani, aliziita Kahawia. Na aina ya tatu, iliyoiva ikawa kama imepakwa masizi, aliiita Guracha, yaani nyeusi kwa Kiborana, na sauti ilimlegea kidogo kila alipolitaja jina hilo.

"Umesalimia watoto?" Umulkheir alimwuliza siku moja aliporudi kunywa chai.

"Guracha amenenepa."

"Na mimi je?"

"Wewe ulinenepa kitambo," akasema Abduba, akavuta kikombe chake karibu kabla hakijachukuliwa.

Shida ilikuwa maji. Mfereji ulitoa siku mbili kwa wiki, na jua la Januari lilikuwa limeshaanza kazi yake. Maji yaliyobaki yangetosha aina moja tu.

"Nyanya tatu ni kama bibi watatu," Umulkheir alisema. "Mtu ajue uwezo wake."

Akaamua hivi: Jumamosi wangeonja zote. Itakayoshinda kwa utamu ingebaki, na hizo mbili nyingine zingeng'olewa Jumapili asubuhi. Na kwa kuwa wanaume wa soko la mifugo bado walimwita Abduba awaangalizie mnyama kabla hawajanunua, akamkabidhi yeye kazi ya kuchuma za kuonjwa. Hapo ndipo mzee alipojipalia makaa.

Kwani Abduba alikuwa na siri. Kwenye mnyanya wa tatu wa Guracha kulikuwa na tunda moja kubwa kama ngumi, zito, halina ufa wala doa. Hilo alikuwa amelitenga siku nyingi kuwa la mbegu. Alilifunga uzi mwekundu kwenye kikonyo, na kwa sababu ndege hawana adabu, akalivika soksi yake. Umulkheir aliitafuta soksi hiyo kwa siku kumi na moja. Abduba alimsaidia kuitafuta.

Jumamosi baada ya alasiri wageni walifika wawili: Karwitha, na Lul, mwenye hoteli ya chai kwenye kona, mwanamke ambaye ulimi wake haudanganyiki. Abduba akaenda kuchuma. Za Zambarau na Kahawia alichagua zilizo bora kabisa. Hao walikuwa wa kuchinjwa tu. Alipofika kwa Guracha mkono ukawa mzito. Aliipita ile ya soksi. Akazipita na dada zake wazuri, maana huenda mkubwa akapata ajali. Mwishowe akachuma mbili: moja iliyodonolewa na ndege, na nyingine ambayo upande mmoja ulikuwa bado mgumu.

Walionja bila chumvi, wamekaa kwenye mkeka. Zambarau ilimfanya Karwitha afumbe macho. Kahawia ilimfanya Lul aombe kipande cha pili, kisha cha tatu.

"Hii ukipikia nyama hauhitaji kitu kingine," alisema.

Ikaja zamu ya Guracha. Lul alitafuna, akaacha kutafuna, akamtazama Abduba.

"Mzee, hii umetoa wapi? Iko maji tu. Na huku iko kali."

Karwitha alikuwa na huruma ya kazi yake. "Imejaribu," akasema, kama anavyoandika kwenye ripoti za watoto wa mwisho darasani.

Kura zote tatu za wanawake zikaenda kwa Kahawia. Umulkheir akafuta kisu na kusema kwamba kesho angeng'oa zile zingine. Abduba alitazama vidole vyake vya miguu. Angeweza kumwokoa Guracha kwa neno moja, lakini neno lenyewe lilikuwa ndani ya soksi, na aliona haya.

Asubuhi Umulkheir alitoka na jembe. Alimkuta mumewe amesimama mbele ya minyanya ya Guracha, fimbo ameishika kwa mikono miwili, anazuia.

"Toka hapo, mzee."

"Anza na Zambarau."

"Nini hapo nyuma yako?"

"Hakuna."

Umulkheir aliinama, akachungulia kando ya kiuno chake. Akachungulia kwa muda mrefu.

"Hiyo ni soksi."

"Ni soksi."

"Ile tulitafuta."

"Ile," akakubali Abduba.

Mzee aliivua soksi mwenyewe, na ile nyanya ikatokea, nyeusi na nzito, inang'aa. Abduba aliona mabega ya mkewe yameanza kutikisika kwa kicheko.

"Sasa kwa nini hukutuonjesha hii?"

"Ndume ya mbegu haichinjwi."

Mabega yakatulia. Wote wawili walijua neno hilo lilisemwa wapi mara ya mwisho. Lilisemwa Biliqo, malishoni kwao, ukame ulipozidi, walipokuwa na fahali mweusi aliyesifiwa hadi Merti. Mnunuzi alikuja na lori. Umulkheir akasema muuze angali anasimama. Abduba akasema ndume ya mbegu haichinjwi wala haiuzwi. Baada ya wiki mbili fahali alianguka kando ya birika kavu na hakuinuka, ng'ombe wakamfuata mmoja mmoja, na hivyo ndivyo walivyokuja kuwa watu wa mjini. Miaka mitatu ilikuwa imepita na hakuna aliyemtaja yule fahali. Yeye Umulkheir alinyamaza kwa sababu alimpenda mumewe. Abduba alinyamaza kwa sababu mkewe alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ilimuuma.

Umulkheir aliweka jembe chini. "Baba Hamdi, iguse huku chini."

Akaigusa. Ilikuwa imeanza kulegea, na siafu mmoja alikuwa ameshafika kuulizia.

"Ikikaa siku mbili inaoza," alisema Umulkheir. "Mbegu iko ndani. Mwalimu alinionyesha. Unakata, unakamua mbegu kwa glasi ya maji, siku tatu unaosha, unakausha. Nyama yake unakula."

"Unakula?"

"Unakula, na bado anazaa."

"Mbegu haipotei?"

"Haipotei."

Ni rahisi sisi kumcheka, lakini mtu aliyeishika sheria moja maisha yake yote haiachi kama anavyoacha kiti. Mwishowe Abduba akapiga moyo konde, akachomoa kisu kiunoni, akasema bismillahi, akakata. Ndani ilikuwa nyekundu iliyokolea kama maini, maji yakamtiririka hadi kwenye kifundo cha mkono. Alikamua mbegu kwenye glasi ya maji aliyoletewa na mkewe, kwa dole gumba, polepole, asipoteze hata moja. Kisha akakata kipande, akampa mkewe kwanza.

Umulkheir alitafuna. Alikuwa na utani tayari mdomoni, Abduba aliuona, na aliuona ukimezwa pamoja na nyanya.

"Iko maji?" akauliza.

"Haiko maji."

Naye akala kipande chake pamoja na ganda. Kilikuwa kitamu, halafu kikawa na chumvi yake chenyewe, halafu kitu kizito kilichobaki kooni kama ladha ya nyama iliyokaa kwenye moshi. Alifuta kidevu, akaitazama glasi.

"Ulisema kweli," akasema. "Juu ya yule ndume. Ningemuuza."

Akangoja. Mkewe alikuwa na haki ya kusema lolote, na Mungu anajua maneno hayakumpungukia kamwe.

"Nilijua unajua," akasema Umulkheir. "Nilikuwa nangoja tu."

Alinyoosha mkono apewe kipande kingine, na wakala hadi ikaisha, wamesimama. Kisha Umulkheir akachukua jembe, akaenda kung'oa Zambarau na Kahawia.