Kilo Ishirini na Tatu

Zilpah hakuupenda mchezo wa tenisi. Tuseme hivyo mapema, asije mtu akamsifu bure. Alijifunza tenisi kwa sababu moja tu, nayo ni uhamisho. Mwaka wa tisini na saba ulimkuta akipiga taipu katika ofisi moja ya serikali mjini Migori, huku mtoto wake Metrine, wa miaka minne na mwenye pumu, akilelewa na bibi yake huko Homa Bay. Kwa miaka mitatu alikuwa ameandika barua nne akiomba ahamishiwe kwao. Ya kwanza ilipotea. Ya pili ikajibiwa kwamba ile ya kwanza inashughulikiwa. Ya tatu na ya nne hazikujibiwa kabisa.

Aliyemfungua macho ni Emmaculate, mama wa kupika chai ofisini, ambaye kama kawaida ya wapika chai alijua mambo ya serikali kuliko wakubwa wenyewe. "Dada yangu, unahangaika bure," alimwambia. "Mwenye kupitisha uhamisho ni Bwana Fanuel wa Homa Bay. Na Bwana Fanuel hasomi barua. Bwana Fanuel anacheza tenisi."

Haya basi. Mwanamke ambaye hajawahi kukimbia ila mvua ikimnyemelea na nguo ziko kwenye kamba, akanunua raketi kwa Mholanzi mmoja wa mradi wa visima aliyekuwa anafunga virago, akajiunga na klabu ya wafanyakazi. Mazoezi yalikuwa kila Jumapili. Jumapili ndiyo siku aliyokuwa akienda kumwona mtoto. Akajiambia ni kwa muda tu, avumilie, na katika miezi minane ya tenisi akaenda nyumbani mara mbili.

Mwenyekiti wa klabu alikuwa karani mkuu wake, Bwana Ombati. Sasa huyu ndiye anayetaka maelezo. Ombati alikuwa mjuaji wa kupindukia. Siku moja aliokota kwenye kiti cha ndege jarida la tenisi, mwaka wa tisini na mbili, na tangu hapo hakuna aliyepumua. Katika jarida hilo alisoma kwamba bingwa fulani wa Ulaya hukazia nyuzi za raketi yake kwa ratili sitini na tano, na hiyo sitini na tano ikawa dini yake. "Raketi ni kama karani," alipenda kusema, huku akimtazama Zilpah. "Usipomkaza, analala." Yeye mwenyewe mpira wake wa kwanza wa kuanzisha mchezo uliishia kwenye wavu, na wa pili pia, lakini nani angemwambia? Ndiye aliyekuwa akitia sahihi fomu za likizo.

Raketi ya Zilpah aliichukua mwenyewe kwa hisani yake, akaipeleka kukazwa sitini na tano kwa uzi mmoja mnene, mgumu, usiokatika. Ikarudi ngumu kama mlango wa stoo. Mpira ukigonga hapo ulianguka miguuni papo hapo, na mtikisiko wote ukapanda mkononi mpaka begani. Kufikia mwezi wa saba wa mazoezi Zilpah hakuweza kuinua sufuria ya ugali. Ofisini akawa anaandika "Wialya" badala ya "Wilaya". Na mechi ya Migori na Homa Bay, mechi ambayo angesimama uso kwa uso na Bwana Fanuel, ilikuwa imebakisha siku mbili.

Ndipo Ijumaa hiyo mchana, baada ya kazi, akashika njia ya Suna kwa fundi Mniko. Mniko alikuwa Mkuria aliyetumika miaka kumi na miwili kwenye klabu moja ya wazungu Nairobi, akifunga nyuzi za raketi. Alirudi nyumbani na vibano, sindano za kutobolea na hekima, ila mashine ya kukazia haikuwa yake, akaiacha. Badala yake alitumia mizani ya kuning'iniza, ile ile ya kupimia samaki wakubwa wa mbuta ziwani. Alifunga raketi mezani, akanasa ncha ya uzi kwenye ndoano ya mizani, akavuta hadi mshale ufike alipotaka, akabana. Basi. Watu walimcheka, lakini raketi zake zilicheza.

Ombati alikuja naye. Hakualikwa, lakini mjuaji huwa haalikwi. Alibeba na raketi yake mwenyewe, ya grafaiti, aliyotumiwa na shemeji kutoka Marekani, ili nayo ikazwe upya kwa ajili ya mechi.

"Umecheza muda gani, madam?" Mniko akauliza.

"Miezi minane," akajibu Ombati.

"Unapiga mpira kwa nguvu?"

"Hana nguvu," akajibu Ombati. "Ndiyo maana lazima tukaze."

"Na mkono unauma wapi?"

"Hauumi. Ni uvivu tu wa wanawake."

Mniko akaweka koleo chini. "Mkubwa, samahani. Huu mkono ni wako?"

Mama mmoja aliyekuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, kando ya kibanda akacheka kwa pua. Zilpah akainua mkono, akaonyesha kiwiko, mahali panapouma, na kwa mara ya kwanza tangu aanze tenisi mtu akamsikiliza.

Mniko akatoa aina tatu za nyuzi. Akashika ya kwanza, ya rangi ya samli. "Hii ni ya utumbo wa ng'ombe."

"Ya mabingwa!" Ombati akaruka. "Weka hiyo!"

"Ni tamu kweli, mkubwa. Lakini mvua moja ya ziwani ikiinyeshea, inavimba, inakatika." Akashika ya pili. "Hii ni nailoni nene, kama uliyonayo. Haikatiki. Lakini madam bado hapigi mpira wa kukata uzi. Sasa kwa nini auze kiwiko kununua uzi usiokatika?" Akamwekea ya tatu kiganjani, laini, iliyosokotwa kwa nyuzi ndogo ndogo nyingi. "Mtu mpya achukue hii. Na tusikaze sana. Ukikaza sana, raketi hairudishi kitu, nguvu yote lazima itoke kwako, na mpira lazima uupige katikati kabisa. Mtu mpya hawezi. Ukilegeza kiasi, nyuzi zinakusaidia kusukuma, na mkono unapona. Wewe nitakuwekea ratili hamsini, hamsini na moja hivi."

"Hamsini!" Ombati akashika kichwa. "Huo ni wavu wa samaki! Utaniaibisha mbele ya Bwana Fanuel! Sitini na tano, na si mjadala."

Zilpah alijua fomu yake ya likizo iko mezani kwa huyu mtu. Alijua pia kwamba kwa mkono ule angeshindwa kurudisha hata mpira mmoja, na Bwana Fanuel asingejua hata jina lake. "Hamsini na moja," akamwambia Mniko.

Mniko akaanza kazi. Akanasa, akavuta, mshale ukapanda, akasoma kwa sauti kama ilivyokuwa desturi yake: "Ishirini na tatu."

Ombati akasimama wima. "Ngapi?"

"Ishirini na tatu, mkubwa."

"Ametaja hamsini na moja, wewe unaweka ishirini na tatu? Ishirini na nane umeficha wapi?"

Na hapo msimlaumu sana. Mtu yeyote aliyewahi kununua samaki kwenye mialo yetu anajua mizani hizi zinavyosema uongo. Ombati alikuwa ameibiwa mbuta Kendu Bay mara mbili, kilo moja huku, kilo mbili kule, na kidonda hakijapona. Alipoona mizani ile ile, na namba imepungua, akili yote ikakimbilia huko.

"Mkubwa, mizani hii inasema kilo," Mniko akaeleza taratibu. "Sisi tumesema ratili. Kilo moja ni ratili mbili na kidogo. Ishirini na tatu ya hapa ndiyo hamsini na moja yake."

"Hizo ndizo hesabu za kuibia watu! Unaniona mshamba? Nimekuwa karani miaka kumi na tisa! Weka yangu hapo, na hiyo mizani yako isome sitini na tano kwa macho yangu haya!"

"Itavunjika."

"Vuta!"

"Mimi huwa sivunji raketi ya mtu," Mniko akasema, akakunja mikono.

Basi Ombati akavua koti. Mama wa omena akaita wenzake, maana burudani ya bure haiji kila Ijumaa. Mwenyekiti akafungua raketi ya Zilpah mezani, akafunga yake, akanasa uzi, akavuta, mshale ukafika thelathini. "Mnaona? Bado inalala!" Akakanyaga mguu wa meza, akavuta tena. Thelathini na nane. Mishipa ya shingo ikamtoka. Arobaini na moja. Akapandisha na mguu wa pili, akawa ananing'inia kwenye mizani kama mbuta mwenyewe, na ilipogonga arobaini na nne, *ka!* Shingo ya raketi ikapasuka, na mwenyekiti wa klabu ya tenisi ya wafanyakazi akaruka chali mpaka katikati ya omena.

"Yawa! Omena yangu!" mama akapiga kelele.

Ombati alikuwa amelala uso angani, mizani bado mkononi, mshale umerudi sifuri. Akautazama. "Nilisema mizani ni mbovu," akatamka.

Alipojikung'uta magamba, akili ikamrudia haraka kuliko aibu. Akanyoosha mkono kwa Zilpah. "Lete yako ikiisha. Siwezi kwenda Homa Bay mikono mitupu. Wewe utakuja kushangilia."

Miezi minane, Jumapili zote zile, kiwiko kile, na sasa Zilpah akashangilie? Hasira ikampanda, na hasira ikamletea maneno ambayo adabu ilikuwa imeyaficha muda mrefu.

"Mwenyekiti," akasema kwa heshima zote, "hii ni ya kilo ishirini na tatu tu. Wewe mwenyewe umeshuhudia kwamba ni ya wizi. Nitakupaje mali ya wizi, wewe karani mkuu?"

Akina mama wakashikana mabega kwa kicheko. Ombati akaokota koti lake, akashika njia ya mjini. Debe tupu nalo huwa na siku yake ya kunyamaza.

Jumapili wakacheza Homa Bay, Ombati na Zilpah upande huu, Bwana Fanuel na mwalimu mmoja upande ule. Ombati alikuwa ameazima raketi ya mbao kutoka stoo ya misheni, iliyopinda kama mwiko wa zamani. Bwana Fanuel alikuwa mnene, kiwiko kimefungwa bandeji, na alicheza kwa sheria yake mwenyewe: mpira wake ulikuwa ndani popote ulipoangukia. Ulipotua nje kwa hatua mbili, Ombati ndiye aliyekuwa wa kwanza kupaza sauti, "Ndani, mkubwa! Ndani kabisa!" Lakini upande wa Zilpah mpira ulirudi. Haukurudi kwa kishindo, haukurudi kwa urembo, ila ulirudi. Mkono haukuuma. Walishindwa sita kwa tatu, sita kwa mbili, na kila mtu akaridhika, maana mpitisha uhamisho hashindwi na mtu mwenye akili timamu.

Wakati wa soda Bwana Fanuel akamjia. "Mama, hiyo raketi yako ni ya namna gani? Mimi kiwiko hiki mwaka mzima hakinipi usingizi."

Zilpah akamweleza juu ya uzi laini na kilo ishirini na tatu. Kisha akameza mate, akasema yaliyomleta. "Mkubwa, nimekuandikia barua nne. Mtoto wangu yuko hapa hapa mjini, ukipiga kelele anasikia. Naomba unihamishe."

"Barua?" Bwana Fanuel alikuwa ameshaichukua raketi, anaipiga piga hewani. "Aah, barua ni nyingi, mama." Akarusha mpira, akaupiga, akatabasamu kama mtoto. "Lo! Hakiumi! Hebu niachie hii niijaribu wiki moja."

Hakumtazama aliposema. Hakuwa na haja. Zilpah aliielewa wiki hiyo, na kila aliyesimama pale na chupa ya soda aliielewa pia. Mkono mtupu haulambwi. Alitaka kumpiga nayo kichwani, na Mungu anisamehe, mimi ningempiga. Barua nne za machozi, za mtoto mwenye pumu, hazikumgusa, na leo kiwiko chake mwenyewe ndicho kinachomfundisha huruma? Zilpah akasema, "Jaribu tu, mkubwa. Hata mwezi."

Siku ya tisa barua ikafika Migori, ikiwa na mihuri miwili. Ilianza hivi: *Baada ya kuzingatia kwa kina ombi lako la mwaka wa 1994.* Ile ya kwanza. Iliyopotea. Ombati aliisoma mara tatu, kisha akatangaza ofisini kote kwamba nchi hii imeoza kwa rushwa, na jioni hiyo akaonekana Suna akimuuliza Mniko kama bado ana ule uzi laini.

Zilpah hakungoja mwisho wa mwezi. Alifunga godoro, jiko na sanduku, akafika Homa Bay saa kumi jioni. Metrine alikuwa uani, amekua, nywele amesukwa, amevaa gauni ambalo Zilpah hakulijua. Alimtazama mwanamke mwenye sanduku, akarudi nyuma hatua moja, kisha akageukia jikoni alikokuwa bibi yake na kuita kwa adabu kama alivyofundishwa:

"Dani! Wendo! Kuna mgeni mlangoni!"

Zilpah akaweka sanduku chini, akasimama pale pale kwenye mlango wa ua akingoja kukaribishwa.