Jicho la Shahidi wa Tisa

Kabla sijaeleza lolote kuhusu anga la Keza, niseme wazi kwamba Mama Ansbert alikuwa na jicho moja tu. La kushoto lilichomwa na bua la mtama akiwa mtoto, likabaki na kovu jeupe katikati. La kulia ndilo lililomlisha yeye na mwanawe. Kwa jicho hilo alishona sare za shule kwenye baraza ya nyumba yake, na kwa jicho hilo alitunga uzi kwenye sindano upesi kuliko mimi ninavyovaa miwani. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu nilipoandika faili lake sikulisema.

Jina langu Wiston. Nilifundisha sayansi shule ya msingi miaka thelathini na minne, nikastaafu, nikafungua kibanda cha fotokopi karibu na stendi ya Ngara mjini. Mtu aliyezoea kusahihisha madaftari hawezi kukaa bure. Siku moja kwenye simu nikakutana na chama cha watu wa ng'ambo kinachokusanya taarifa za vitu visivyotambulika angani, nikajiandikisha kuwa mchunguzi wao wa kujitolea. Wakanitumia fomu ya maswali thelathini na mawili. Niliitafsiri mwenyewe, nikaichapa, nikanunua na faili la bluu. Marehemu mke wangu angekuwepo angenicheka. Watu wa stendi walinicheka kwa niaba yake, wakanipa na jina: Mwalimu wa Mbinguni.

Wacheke, lakini kazi niliijua. Katika miaka mitatu nilipokea mashahidi wanane na wote niliwaangusha. Nyanda, mfugaji aliyehamia Biharamulo kutoka Shinyanga, aliona macho matatu mekundu yamesimama angani. Nilipanda basi hadi kwake nikamwonyesha mnara mpya wa simu, akanichukia mpaka leo. Kule Kanazi walioona mdudu wa chuma walikuwa wameona droni ya wapima barabara. Mmoja aliona Zuhura, mwingine aliona pombe. Shuleni nilizoea kuwaambia watoto kwamba mwenye macho haambiwi tazama, na sasa nilikuwa nawaambia watu wazima. Ila kila nilipoandika "imetambulika" chini ya fomu, moyo ulininywea kidogo. Nilitaka moja tu inishinde. Mzee wa miaka sitini na minne, nilitaka kabla sijafa nione kitu ambacho sikukifundisha.

Mwezi wa tatu mwaka jana Mama Ansbert alinipigia simu. Nilimfundisha mwanawe, ambaye sasa ni fundi mwashi huko Biharamulo, na mama mwenyewe ni mtu asiyepoteza maneno. Alisema kwa siku mbili, mchana kweupe, amekuwa akiona mwanga ukimulika upande wa vilima na kuzimika. Nilifunga kibanda saa hiyohiyo, nikachukua bodaboda hadi kwake Keza.

Nilimkuta kwenye cherehani. Alinisimulia polepole, kwa Kiswahili chake cha shuleni, na palipomshinda akaingiza Kihangaza. Mwanga ulitokea pembeni, upande wa kulia, mfupi, kama mtu anayewasha tochi na kuizima. Akigeuka kuutazama, unakuwa umehama. Niliandika kwamba kitu kile kilikuwa na akili na kilikwepa kutazamwa. Majirani hawakuona chochote. Mchunguzi mwenye busara hapo angejikuna kichwa. Mimi nilifurahi, kwa kuwa kwenye vitabu vya wale wa ng'ambo nilikuwa nimesoma kwamba mara nyingine kitu huchagua wa kumtokea.

Sasa lile swali la saba. Linauliza kama shahidi ana tatizo lolote la macho. Nilimtazama, alikuwa anatunga uzi, akaupitisha mara moja bila kukosea. Nikajiambia jicho lake moja linashinda yangu mawili. Nilijua pia kwamba nikiandika "chongo" wale watu wataitupa fomu bila kuisoma. Nikaandika "Hapana", nikaenda swali la nane.

Baada ya siku nne alipiga tena. Safari hii yalikuwa masizi. Alisema yanashuka mbele yake meusi, madogo, mengi, kana kwamba kuna mtu anachoma nyasi juu ya paa. Nilikagua nguo zilizoanikwa, nikapitisha karatasi nyeupe juu ya majani ya mgomba na juu ya meza ya cherehani. Hakukuwa na hata chembe. Niliandika kwa furaha isiyo na haya: mabaki yasiyoacha alama. Wakati naaga akaniuliza kama si vizuri aende zahanati wamtazame jicho, maana limekuwa linamchosha.

Nilichomjibu nakikumbuka neno kwa neno, na ningelipa chochote nikisahau.

"Subiri kwanza, Mama Ansbert. Wakikutia dawa, ushahidi utaharibika. Ngoja wataalamu wajibu."

Akasema sawa, Mwalimu. Angeambiwa hivyo na mtu wa stendi angemcheka. Lakini mimi ndiye niliyemfundisha Ansbert kusoma, na huku kwetu mwalimu habishiwi, hata akiwa amestaafu na akili.

Siku ya kumi na moja nilimkuta ameketi tu, kitambaa mapajani, mguu hauko kwenye kanyagio. Alisema kuna pazia jeusi limeingia kutoka upande wa pua na linapanda. Nilimwambia atazame mlima mbele yake, nikatoa kipimapembe changu cha ubaoni, kile kikubwa cha mbao, nikampimia pazia linafikia wapi. Nyuzi arobaini. Nilichora mchoro. Aliniambia anaogopa, nami nikamwambia asiogope, ni jambo kubwa, halijawahi kuandikwa popote mkoani. Jioni ile nilituma faili lote kwa barua pepe, na kwenye nafasi ya mwisho nikaandika neno nililolitamani miaka mitatu: haijatambulika.

Wiki iliyofuata Anneth alikuja kutoa nakala za kadi za wagonjwa. Ni muuguzi wa macho, nilimfundisha pia. Akaniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, tukaulizana habari za mvua. Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na ukurasa wa tatu wa faili langu. Akaunyanyua anipishie nafasi, macho yakaanguka juu yake, akasoma hadi chini akiwa amesimama. Nilidhani amevutiwa. Nikaanza kumweleza.

"Mwalimu," akanikatiza, "huyu mama yuko wapi?"

Nikamwambia yuko Keza, ni Mama Ansbert.

"Si ndiye mwenye jicho moja?"

"Ndiye."

Aliweka karatasi chini taratibu. "Hivi vitu haviko angani, Mwalimu. Viko ndani ya jicho."

Alinieleza akiwa tayari anapiga simu kutafuta usafiri. Ndani ya jicho, nyuma, kuna utando mwembamba unaopokea picha, unaitwa retina. Ukianza kuchanika mtu huona mwanga pembeni, kisha masizi, kisha pazia, kwa mpangilio uleule nilioupanga mimi katika kurasa tatu safi zenye tarehe. Alisema mtu akifika hospitali kubwa wakati wa mwanga, au hata wa masizi, huzibwa ule mchaniko kwa mionzi akarudi nyumbani. Pazia likishafika katikati, utando umebanduka kama lipu kwenye ukuta mbichi. Hakunilaumu. Aliniuliza tu ni siku ngapi zimepita tangu nipime zile nyuzi arobaini, nami nikamwambia nane.

Ansbert alimpeleka mama yake Mwanza. Walimfanyia upasuaji, wakamlaza kifudifudi siku nyingi, wakamrudisha. Anatofautisha mchana na usiku. Anajua mtu akisimama mlangoni. Cherehani ameifunika kwa shuka, na Ansbert ameacha kazi Biharamulo amerudi kulima. Simu zangu hapokei, na simlaumu.

Jibu la wale wa ng'ambo lilifika mwezi wa sita. Walisema ni taarifa bora kuliko zote walizopata kutoka ukanda wetu, wakaipa namba yake. Wakaomba shahidi achore kwa mkono wake alichokiona. Nilisoma nikiwa peke yangu kibandani, nikalia, mtu mzima, mashine ikiwa inanguruma.

Niliwaandikia ukweli. Kisha nikaenda Keza kwa miguu kutoka njia panda. Sikutaka mwendesha bodaboda aniulize kitu. Mama Ansbert alikuwa barazani anachambua maharage ya mbegu kwa vidole, polepole, akiipapasa kila punje kutafuta tundu la mdudu. Nilimwomba msamaha, nikamweleza jinsi lilivyokuwa, lile la dawa na ushahidi. Nilitaka atukane. Badala yake akauliza kama lile faili ninalo.

"Ninalo."

"Nisomee. Sijawahi kusikia ulichoandika kuhusu mimi."

Nikafungua. Nikasoma jina, kata, umri, kazi: mshonaji. Nikasoma hali ya hewa na upande wa jua. Nikafika la saba. Nilikuwa naweza kuliruka, kwa kuwa asingeona ukurasa. Nikalisoma, pamoja na jibu.

Vidole vyake vilisimama juu ya ungo.

"Hilo hukuniuliza, Mwalimu."

"Sikukuuliza."

"Ungeniuliza ningekwambia." Alisema bila hasira, kama anayemkumbusha mtu njia. "Nilipokuwa nafumba macho kusali, ule mwanga nilikuwa bado nauona."

Swali moja tu, tangu siku ya kwanza, na mtoto wa darasa la tano angejua maana ya jibu lake. Alirudisha vidole kwenye maharage, akaokota moja bovu, akalitupa uani, akaniambia yamebaki maswali ishirini na matano, niendelee.