Ukurasa Usiobakiza Swali

Ofisi yetu ina meza nyingi na mtu mmoja, ambaye ni mimi. Wenzangu hufanyia kazi nyumbani kwao. Mimi nyumbani sina wa kukaa naye tangu mke wangu alipofariki, kwa hiyo kila asubuhi navaa shati lililonyooshwa na kwenda kazini. Mlinzi wa mlangoni hakosi neno la kunitania.

"Shikamoo mzee. Umekuja kuhesabu viti?"

"Marahaba. Nimekuja kukagua kama umeamka."

Naandika maelekezo ya matumizi. Kampuni yetu inatengeneza programu za maghala, zile zinazorekodi mzigo unaoingia na unaotoka. Maghala hayafanani: moja lina toleo jipya la programu, jingine bado lina la mwaka jana. Ili kujua toleo gani limewekwa wapi, kuna chombo cha kuulizia. Unakiandikia jina la ghala, kinakujibu toleo na saa lilipowekwa. Zamani walioliuliza hilo ni mafundi. Siku hizi ni mawakala, yaani programu za akili bandia zilizokabidhiwa kazi za mafundi, nazo husoma maelekezo kwanza kama mwajiriwa mpya. Nikaagizwa niwaandikie ukurasa wao.

Niliuandika kama nilivyofundishwa shule ya jioni: sentensi fupi, kila neno na kazi yake. Mwishoni, kwa mazoea, nikaongeza: "Penye utata, tafadhali muulize mwandishi kabla ya kuendelea," pamoja na anwani yangu. Nimefunga hivyo maelekezo yangu yote na hajatokea mtu wa kuuliza. Binadamu akisoma anajua hiyo ni adabu tu. Wakala hajui.

Kesho yake nikakuta ujumbe.

"Habari ya asubuhi, Mwandishi. Chombo hakikunijibu kitu kuhusu ghala la kaskazini. Je, hakuna toleo lililowekwa, au hakuna kumbukumbu?"

Nikamjibu kwamba hakuna kumbukumbu, asiweke toleo lolote huko kwa kubahatisha. Akashukuru. Akaja mwingine: saa inayotajwa ni ya ghala au ya makao makuu? Nikamwandikia kwamba ameuliza swali zuri. Chai yangu ikapoa pembeni, wala sikujali.

Jioni binti yangu aliponipigia simu, nikamsimulia.

"Baba, unapiga soga na mashine?"

"Inauliza, halafu inasubiri jibu. Wewe huwa unasubiri?"

Akacheka, akasema mtoto analia, tutaongea Jumapili.

Siku chache baadaye akapiga msimamizi wetu, mwanamke wa rika la binti yangu.

"Shikamoo baba. Mawakala wako wanasimama kazini."

"Wananisubiri mimi."

"Ndiyo tatizo lenyewe. Ukilala wewe, na maghala yanalala. Jana malori yalipanga foleni hadi barabarani. Swali moja kwa siku naweza kulivumilia, lakini haya ni mafuriko. Yakiendelea, ukurasa watauandika mawakala wenyewe, na mimi nitakosa pa kukutetea."

"Nifute ile sentensi ya mwisho?"

"Ukiifuta peke yake watabahatisha. Majibu yote yaweke humo humo ukurasani, baba."

Basi kila swali nikaligeuza kuwa mstari. Maswali yakapungua, hadi likabaki moja tu: chombo kikionyesha matoleo mawili kwa ghala moja, lipi ndilo linalofanya kazi? Nilimjibu aliyeuliza kwamba ni lile lililoandikwa chini. Lakini mawakala hawakumbuki ya jana. Nisipoliandika, kila asubuhi angekuja mmoja na salamu zake, aniulize upya, anishukuru upya. Msimamizi alikwisha kusema swali moja si neno.

Niliuacha ukurasa wazi mbele yangu, nikaenda kusimama dirishani, nikarudi. Kwa kila swali kuna lori limesimama mahali fulani, na dereva ameegemea usukani, hajui anamngoja nani. Na chini ya ukurasa kuna jina langu. Sijawahi kuacha tundu kwenye kazi yangu nikiliona.

Nikaandika: "Yakionekana matoleo mawili, linalofanya kazi ni lililoandikwa chini." Kisha nikafuta ile sentensi ya mwisho na anwani yangu.

Asubuhi iliyofuata sikukuta ujumbe. Msimamizi akapiga saa nne.

"Hongera baba. Hakuna hata swali moja. Umewanyoosha."

"Ahsante, mama."

"Sasa pumzika. Kazi nyingine ikipatikana nitakwambia."

Pembeni ya ukurasa kuna tarakimu ndogo inayoonyesha umesomwa mara ngapi. Ilikuwa inapanda tangu alfajiri, bila kutulia. Nilikaa nikiitazama mpaka saa ya kufunga, kisha nikainuka kufunga madirisha, moja baada ya jingine, hata yale ya upande wa meza za wenzangu.