Zamu ya Yaarub

Mfuko wa sabuni ya unga ulikuwa umefichwa stoo, nyuma ya mitungi ya majani ya mkunazi, na Shinuna aliuona kila alipoingia humo, hata alipojitahidi kutazama pengine. Aliununua mjini Nizwa, katika duka ambalo hakuna aliyemjua, akapanda nao mlimani ukiwa chini ya abaya, kama mtu aliyebeba pombe. Kijijini kwao kununua sabuni hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuifikisha mferejini, ambako kijiji kizima kilipata maji yake kwa zamu. Na yeye, zaidi ya mtu yeyote, ndiye aliyewafundisha wageni jambo hilo.

Nyumba yake ya wageni ilikuwa ya udongo, yenye kuta nene zilizoshika ubaridi wa usiku hadi alasiri. Hakukuwa na mashine ya kupoza hewa. Maji ya kunywa yalikaa katika mitungi iliyoning'inizwa madirishani, upepo ukayafanya baridi. Mashuka yalifuliwa kwa majani ya mkunazi, na maji ya kufulia yalibebwa kwa beseni hadi kwenye mashina ya migomba. Mabaki ya wali yalikwenda kwa mbuzi. Marehemu mumewe, Nabhan, alipenda kusema kuwa mgeni mzuri ni yule ambaye akiondoka mlima haujui kama alikuja.

Nabhan alipokufa, zamu ya maji iliyonywesha shamba lao iligawanywa kwa warithi. Fungu la mjane lilikuwa dogo, halikutosha hata kulowesha mstari mmoja wa mindimu. Fungu kubwa lilikuwa la mwana wao, Mundhir, aliyekuwa akifanya kazi Maskati. Ndipo Yaarub, mdogo wake Nabhan, alipompigia kijana simu, akamwambia: niuzie zamu yako, mama yako ameridhia. Shinuna hakuwa ameridhia. Hakuwa hata ameulizwa. Alijua siku aliyokwenda kufungua maji akakuta mfereji unaelekea kwa shemeji yake. Kadhi alisema mauzo ni halali, kwa kuwa muuzaji ni mtu mzima na hakulazimishwa. Kiangazi kile migomba ililala chini mmoja baada ya mwingine. Mindimu ilikufa ikiwa imesimama. Wageni nao wakapungua, kwani nani atapanda mlima mzima ili aketi kwenye bustani ya kuni? Walishuka kwa Yaarub, aliyefungua nyumba yake ya wageni chini ya msikiti, yenye mitungi madirishani.

Tangu hapo, kila alfajiri baada ya kutoa salamu, Shinuna hakuinuka mswalani. Alinyanyua mikono na kuomba kwa sauti ndogo, bila haraka. "Mola wangu, Wewe unajua alichonifanyia. Nionyeshe mwisho wake nikiwa hai." Alijua kuwa dua ya aliyedhulumiwa haina pazia kati yake na Mungu. Alingoja jinsi watu wanavyongoja mvua, akitazama juu kila siku, na kila siku mbingu zilikuwa kavu.

Kisha Bi Moza, jirani yake, akaja na habari, akiwa bado hajavua viatu.

"Umesikia? Wakaguzi wanakuja Jumanne, kutoka Maskati. Wanatafuta nyumba ndogo ya wageni inayotunza mazingira kuliko zote hapa milimani. Yaarub amesafisha mpaka mbuzi."

"Mbuzi wake wanahitaji. Wamekaa na bwana mchafu."

"Haya, ulimi huo. Kadhi angekusikia."

"Kadhi alishanisikia," alisema Shinuna, akimmiminia kahawa. "Hakunisikia."

Bi Moza alicheka, akachukua tende, akaacha kucheka. "Kwa nini usiwakaribishe na wewe? Nyumba yako ndiyo ya kwanza. Sisi sote tunajua."

"Niwaonyeshe nini, Moza? Vumbi?"

Alhamisi alioka mikate, akaifunika kwa kitambaa, akashuka nayo kwa Jokha, mke wa Yaarub. Mkate ulikuwa kisingizio. Alitaka kuona uongo kwa macho yake: mashine ya kupoza hewa iliyofichwa nyuma, rundo la chupa za plastiki, mfereji wa maji machafu ukitiririka kwenye shamba la mtu mwingine. Mtu aliyemdanganya mtoto wa kaka yake hawezi kuwa mkweli kwa migomba. Alitaka kuwaonyesha wakaguzi na kurudi nyumbani mikono yake ikiwa safi.

Alizunguka na Jokha kila mahali. Hakukuwa na mashine wala chupa. Nyuma ya jiko alikuta kitanda kirefu cha changarawe kilichopandwa matete, maji ya kufulia yakiingia upande mmoja yakiwa ya kijivu na kutoka upande wa pili yakiwa hayana rangi, yakielekea kwenye mikomamanga.

"Nani amemfundisha hii?" aliuliza.

"Si mchoro wa marehemu?" Jokha alijibu. "Aliuchora kwa mkaa kwenye ukuta wa stoo ya zamani ya ukoo, huku chini. Yaarub alikuwa anakwenda kuutazama kila jioni mpaka akauelewa. Mara mbili kitanda kilibomoka, akakijenga tena. Ungemwona, shemeji, matope mpaka kwenye nyusi."

Shinuna alisema mashaallah, kwa sababu ndilo neno linalosemwa. Nabhan alikuwa akiizungumza ndoto hiyo kitandani, mwaka hadi mwaka, kwamba siku moja hata maji ya kufulia yatatoka masafi. Angemkuta Yaarub ni mchafu, angelala vizuri. Lakini alimkuta msafi, tena kwa maji yake na kwa ndoto ya mumewe. Alfajiri iliyofuata hakuweza kumaliza dua. Maneno yalikwama, kwa kuwa hakujua tena amwombe Mungu amwangushe wapi mtu ambaye hakuna mahali aliposimama vibaya isipokuwa juu ya kifua cha Shinuna.

Basi akaamua kutomngoja Mungu, akashuka Nizwa kununua ule mfuko.

Mfereji ulipita kwanza nyuma ya nyumba yake, kisha kando ya shamba lake lililokauka, kisha chini ya ngazi za msikiti ambako watu hutawadhia, na zamu ilipokuwa ya Yaarub maji yote yaliishia kwake. Pale yaliruka kutoka kwenye ukingo wa jiwe hadi bwawani, mbele ya baraza ambako wageni huketi. Jumanne, katikati ya asubuhi, ilikuwa zamu ya Yaarub. Maji yenye sabuni hutulia yanapokwenda polepole, lakini yakianguka huumuka. Wakaguzi wangekuwa barazani, kahawa mkononi, na povu lingepanda mbele yao jeupe kama maziwa yanayochemka. Yaarub angesema nini? Nani angemwamini? Ni saa ambayo hakuna swala ya jamaa, hivyo hakuna ambaye angekuwa mferejini.

Saa ilipofika, alikoroga unga wote kwenye ndoo mpaka ukayeyuka. Alimimina mferejini taratibu, akihakikisha haimwagiki ukingoni. Visamaki vidogo vilivyozoea kumgusa vidole akiosha vyombo vilitawanyika mara moja, vikajibana kwenye nyufa za mawe. Hakusema bismillahi. Aligundua hivyo baadaye.

Hakuweza kubaki nyumbani. Alitembea juu ya ukuta wa mfereji, sambamba na maji yale, kama mtu anayemsindikiza mgeni. Yalikuwa yamebadilika kidogo, na mapovu machache yalizunguka kwenye kona na kupasuka. Alipofika kwenye shamba lake aliinua macho, akamwona Yaarub.

Alikuwa ngazini pa msikiti, peke yake, amevaa kanzu mpya. Alikuwa amevua viatu na alikuwa anakunja mikono ya kanzu, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto. Midomo yake ilicheza. Ndipo Shinuna alipokumbuka kwamba hiyo ni saa ya dhuha, ile swala ya sunna aliyoiswali yeye mwenyewe kila siku tangu akiwa msichana, isipokuwa leo. Yaarub alikuwa amekuja kutawadha na kuomba kabla wakaguzi hawajafika.

Maji yaliyobadilishwa na sabuni hayamtoharishi mtu. Angeosha uso, angeingia, angesujudu bila udhu na bila kujua. Na asiyejua hana dhambi. Dhambi ingemtafuta mwenyewe.

Kando ya miguu yake lilikuwa lango la zamani la kuingizia maji shambani, jiwe bapa lililozungushiwa matambara. Alilichomoa. Mikono ilichubuka. Akaliangusha katikati ya mfereji, akajaza nyufa kwa matambara na udongo, na maji yakageuka kwa mkupuo, yakaingia kwenye ardhi ambayo haikuwa imeona zamu kamili tangu msiba.

Kule chini, Yaarub aliinama na kukuta mawe matupu. Akatazama juu. Akapanda kwa haraka, pekupeku.

"Shinuna. Zamu yangu. Mchana kweupe."

"Naona."

"Unajua wanavyomfanya mwizi wa maji kijiji hiki?"

"Nilijua kabla hujaota meno."

"Leo, kati ya siku zote hizi, umechagua leo." Alikuwa akitweta, na usoni kulikuwa na kitu kinachofanana na furaha. "Nitamwita msimamizi wa mfereji. Nitamleta aone jiwe liko wapi na wewe uko wapi."

Kisha akaona povu likiwa limejikusanya kwenye shina la mndimu mkavu. Aliinama, akalisugua kati ya vidole, akanusa.

"Hii sabuni."

"Ndiyo."

"Ilikuwa inakuja kwangu."

"Ilikuwa inakuja kwako."

Alipanga mambo kichwani. "Sasa kwa nini umeyageuza?"

"Ulikuwa unakunja mikono ya kanzu."

Hakuelewa, na ilimbidi Shinuna amweleze, jambo lililomuudhi. "Ungeswali bila udhu, na mimi ndiye ningebebeshwa swala hiyo. Sitaki kubeba chochote chako, Yaarub. Kule mbele, kwa Mungu, nina haki ninayokudai. Sitaki tufike tukiwa tunadaiana."

Yaarub alijifuta vidole kwenye kanzu mpya bila kukumbuka kuwa ni mpya.

"Bado naweza kumwita msimamizi," alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Mwite. Akiniuliza kwa nini, nitaanzia kwenye simu uliyompigia Mundhir."

Walisimama, ukingo mmoja kila mtu. Ardhi ilikuwa inakunywa kwa sauti, ikitoa mapovu madogo ya hewa kwenye nyufa. Povu la sabuni lilikuwa limeshasukumwa hadi mwisho wa shamba. Nyuma yake maji yalikuja meupe, kisha masafi, mpaka changarawe za chini zikaonekana moja moja. Wote wawili waliona.

"Nilimwambia Mundhir..." alianza Yaarub.

"Ulimwambia nini?"

Kutoka chini ilisikika honi, milango ya gari, kisha sauti ya Jokha. "Yaarub, wageni wamefika. Uko wapi? Bwawa halina maji."

Alitazama chini, akatazama jiwe, akamtazama shemeji yake kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama tangu mazishi.

"Yakitakata, yarudishe," alisema. Akashuka kuelekea nyumbani kwake, akipita msikiti bila kusimama, mikono ya kanzu ikiwa bado imekunjwa.

Shinuna alibaki. Maji yalikuwa yamefika mstari wa pili wa mindimu. Wakati wa dhuha ulikuwa bado haujatoka. Alichuchumaa, akakunja mikono ya abaya, akasema bismillahi, akachota kwa viganja viwili. Hapo akasita. Maji yalikuwa masafi. Lakini zamu bado ilikuwa ya Yaarub, na kama yalikuwa halali kwa Shinuna au la, mtu pekee wa kumuuliza alikuwa keshashuka, na yalikuwa yakivuja kati ya vidole.