Sauti ya Mama Mkanda

Mama Mkanda hakujua kukaa. Hata kiti cha dukani kwake alikikalia ukingoni, mguu mmoja ndani, mwingine uko njiani, maana siku hizi biashara yenyewe haikumpa mtu nafasi ya kupumua. Zamani, duka lile lilipokuwa likiuza mazulia ya gari na manukato ya kuning'iniza kwenye kioo, alipata hata muda wa kusinzia. Jina lake alilipata hapo, kwa kung'ang'ania kuuza mikanda ya viti ambayo hakuna aliyeitaka. Watu walimcheka waziwazi. "Mkanda wa nini, mama? Naendesha gari au naendesha ndege?"

Haya, wamcheke tena leo tuone! Kampuni za bima zimekuwa kali, shule zinataka magari salama, na kila mwenye gari anataka kamera ya nyuma, kidude cha kumwamsha akisinzia, kidude cha kulia akikaribia ukuta. Mtaa mzima umegeuka. Aliyekuwa akiuza vyombo sasa anauza kamera, na kinyozi wa kona, ambaye gari hajawahi hata kulisukuma, ametundika bango la vifaa vya usalama barabarani. Mama Mkanda alikuwa akiliona bango lile, anapandwa na presha.

Ndipo alipopata wazo lake. Vile vidude vya kufungwa kwenye bampa vilikuja vinaongea, lakini kwa lugha ya huko vilikotoka. Gari likikaribia kitu, linaropoka maneno ambayo dereva haelewi kama anaonywa au anatukanwa. "Kugombezwa kwa lugha nisiyoijua sitaki," alisema mteja mmoja. "Mke wangu ananitosha." Basi Mama Mkanda akamwita fundi wake, aliyeitwa Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, akamwambia wavitie Kiswahili, na sauti itakuwa yake mwenyewe.

Kimya alitunga sentensi tamu: Tafadhali dereva, kuna kitu nyuma ya gari lako.

"Tafadhali ya nini?" Mama Mkanda akaruka. "Mpaka nimalize kukubembeleza, si umeshagonga? Neno moja tu, Kimya. Nyuma!"

Neno lenyewe lilikuwa mdomoni mwake kila siku. Binti yake, Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa uhodari wa kupiga domo, alikuwa na mchezo wa kurukia kiti cha mbele cha gari. Mama akisema "Nyuma!", mtoto anazunguka kwenda nyuma bila ubishi. Lilikuwa neno pekee ambalo Chiriku hakulijibu.

Wakarekodi. Kimya akaongeza na lake: spika moja ndani kwa dereva, nyingine kwenye bampa ili hata apitaye kwa miguu asikie. Wakajaribu wenyewe uani, wakapongezana wenyewe. Vidude vikaenda kama maji ya moto kwenye baridi. Watu walitoka miji mingine kuja kutafuta "kile kinachosema na mtu", na kinyozi wa kona akashusha bango lake kimyakimya. Mama Mkanda alitamba, usiniambie hakutamba! Akaona sasa kaifikia siku yake.

Sasa sikia. Asubuhi moja kaka yake, mdogo wake wa kumfuatia, alipita dukani akafungiwa kidude hicho bure. Yeye ndiye aliyekuwa akimchukua Chiriku kutoka shule ya awali kila mchana. Aliondoka anachekacheka, anasema sasa dada yake atamwamrisha mpaka garini.

Kabla jua halijasimama vizuri, akaingia mwalimu mmoja mstaafu, mteja wa juzi tu, uso umevimba kwa hasira.

"Njoo uone ulivyonifanya," akasema.

Bampa lake lilikuwa limekunjika, taa moja imetoka inaning'inia.

"Pole, mwalimu. Kidude hakikusema?"

"Hakikusema? Kimesema mpaka kimekauka koo! Nyuma, nyuma, nyuma. Nami nikaenda nyuma, nikaenda, mpaka nikakutana na nguzo."

Kimya akaangua kicheko. Mama Mkanda naye akacheka, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akafungua mdomo amweleze mwalimu kwamba maana yake ni ajihadhari na kilichoko nyuma. Wakati huohuo, nje ya duka, mlinzi wa maegesho alikuwa akimwelekeza dereva wa pikapu. Alikuwa amesimama nyuma ya gari, mkono unapunga, anaita kama wanavyoita wote, kila mtaa, kila siku ya Mungu: "Nyuma! Nyuma! Njoo, njoo, nyuma!" Na pikapu ikaja nyuma, kwa utii kabisa.

Kicheko kikamfia mdomoni. Dereva gani asiyelijua neno lile? Tangu siku ya kwanza ya kushika usukani, ukisikia "nyuma, nyuma" unajua kuna mtu kakuangalizia, njia nyeupe, wewe kanyaga tu. Naye ameliweka ndani ya magari ya watu, liite pale pale palipo na kitu cha kugonga!

"Mama yangu," akasema. "Chiriku."

Ua wa ile shule ulikuwa finyu. Magari yaliingia kwa pua, na lazima yarudi nyuma ndipo yageuke. Akampigia kaka yake. Simu ikaita kidogo, ikapokelewa na sauti ya Mama Mkanda mwenyewe: "Mwenye simu anaendesha gari. Mwache afike salama." Hicho nacho ni kidude alichouza yeye, cha kuzima simu gari likiwa linatembea, na alikuwa amemlazimisha kaka yake kukifunga. Akapiga tena. Akajijibu tena. Alitamani aitupe simu ukutani.

Akamwacha mwalimu na bampa lake, akarukia pikipiki ya kwanza.

"Mama, vaa kofia," dereva akamnyooshea.

"Twende wewe!"

Kofia akaishika mkononi tu. Yeye, aliyewahubiria watu usalama miaka yote! Foleni ilikuwa imekaza, na kila gari walilolipita lilikuwa na mlio wake, jingine linalia mkanda, jingine linalia mlango, jingine linalia tu. Mama Mkanda alikuwa akimpiga dereva begani, pita huku, pita kule. Alikuwa anaogopa, na hakuona aibu kulia.

Pikipiki haijasimama vizuri langoni, akaruka. Gari la kaka yake lilikuwa limeshaanza kurudi, taratibu, likielekea langoni. Kila siku mtoto aliachwa kwenye ngazi ya darasa angoje gari ligeuzwe. Lakini sasa hakuwepo kwenye ngazi. Alikuwa amesimama nyuma ya gari, begi mgongoni, ameinama anachungulia bampa.

"Nyuma! Nyuma!" likaita gari, kwa sauti ya mama yake.

Mtoto akasogea karibu zaidi. Gari nalo likazidi kuja.

Mama Mkanda alitaka kupiga kelele, simama. Kilichotoka ni kile kilichokaa mdomoni: "Nyumaaa!" Chiriku hakuinua hata kichwa. Kaka yake akakanyaga mafuta.

Basi akairusha ile kofia kwa nguvu zake zote. Ikatua kwenye kioo cha nyuma, pa! Kioo chote kikapasuka. Gari likakita breki, bampa likiwa limemgusa mtoto begi.

Kaka yake akatoka mbio. "Dada! Una wazimu? Wewe mwenyewe unaniita nyuma, nyuma, halafu unanivunjia kioo?" Kisha akamwona mtoto yuko wapi, akakaa chini mavumbini.

Chiriku alikuwa amekumbatiwa hadi hawezi kupumua, lakini domo halikuacha. "Mama, umetokaje humo ndani? Mimi umeniita nyuma, nimekuja, sikukuona."

Mama Mkanda alikuwa anamshikashika kichwa, mikono, magoti, anahesabu upya kila kiungo, na machozi yanamtiririka. Simu ikalia mfukoni. Alikuwa fundi Kimya. "Bosi, rudi haraka! Kuna mwenye mabasi ya shule amefika, anataka yote yafungwe vile vinavyoongea. Nianze?"

"Usiguse waya hata mmoja!" akafoka. "Waite wote waliofungiwa. Wote!"

Kabla hajakata simu akaisikia sauti ile. Upande wa pili wa ua, nyuma ya kundi la watoto waliokuwa wakisukumana kutoka darasani, gari jeupe asilolijua lilikuwa limewashwa. Lilikuwa linaita kwa sauti tamu, yenye uhakika, sauti yake yeye: "Nyuma! Nyuma!"

Akamtupia kaka yake mtoto. Akaokota kofia, akakimbia.