Waitikiaji wa Bitota

Bitota alikuwa na sauti ya kuamsha wagonjwa, na kwaya yake pale Kamina ilijivunia hilo. Ila umfungie peke yake chumbani na simu, sauti hiyo hunywea, ikabaki ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

Hilo ndilo lililomponza. Kabuya, aliyekuwa akiwapigia gitaa kanisani kabla ya kuhamia Kolwezi, alikuwa na kompyuta yenye programu ya kurekodia. Alichukua wimbo alioutunga Bitota mwenyewe, wa mama yake aliyeshuka kwenye treni na mizigo kichwani akasema safari imetosha, akautilia gitaa na ngoma, akamtumia kwa simu. Kazi ya Bitota ilikuwa nyepesi kwa maneno: vaa vidude vya masikioni, sikiliza muziki, imba, tuma sauti yako tupu. Vijana wa kuitikia walishapatikana hukohuko Kolwezi. Ndani ya programu kila mtu angekuwa na mstari wake, na Kabuya angewaunganisha kana kwamba walisimama pamoja.

Bitota akaziba dirisha la chumba kwa godoro kuzuia kelele, akaimba, akatuma, akaimba tena. Jibu la Kabuya likaja, akimwita yaya kama mkubwa wake.

"Yaya, iko juste, noti zote ziko sawa, lakini sauti iko inalala. Benzangu ba hii kazi banasema kama Ijumaa haijakuwa muzuri, tutapatia ile wimbo muimbaji wa Lubumbashi."

Mama yake, kinywani mwa mtu asiyemjua hata jina! Bitota alikasirika, kisha akaogopa, na hofu ikakaa kuliko hasira.

Alhamisi wanakwaya wenzake walimkuta nyumbani amekunja uso. Alipowaeleza, Lydie, muuza samaki asiyemwonea mtu haya, akamkatiza.

"Imba hapa, tusikie."

Bitota akaimba, nao wakaitikia kama walivyozoea, na sauti ikatoka yote, ikajaa nyumba.

"Ona! Mule ndani ni nani anakuitikia?" Lydie akauliza. "Godoro?"

"Lakini Kabuya anataka sauti yangu tu. Ya kwenu ikiingia, hataweza kuitosha, kuiondoa mule."

"Basi tutaitika na kinwa. Sauti itabakia mu tumbo."

Wakajibana chumbani, dirisha limezibwa kwa godoro, joto na harufu ya samaki vikigombania nafasi. Muziki ukaanza masikioni mwa Bitota. Aliuliza, kwa wimbo, ni nani aliyebaki, na vinywa vyote mbele yake vikafunguka: tuko. Hakikusikika kitu. Viganja vilipiga makofi bila kugusana, mabega yakacheza, Marthe akajiziba mdomo kwa kitenge asicheke. Bitota aliwaimbia hao, na simu akaisahau kabisa.

Alipokwisha kutuma, wakakaa kungoja, wakijipepea na kujifanya wana mazungumzo mengine. Simu ilipoita, Bitota akaiweka wazi wote wasikie.

"Yaya, njo hii!" Kabuya alikuwa karibu kupiga kelele; ndiyo hiyo aliyoitaka. "Njo hii kabisa! Lakini sasa bale batoto ba huku hapana kufaa. Kila fasi ya kuitikia unaachia, unaiachia bantu unajua. Ulikuwa na nani?"

"Bamama ba kwaya. Lakini hapana muntu alitosha sauti mu kinwa, Kabuya. Naapa."

"Najua. Sauti yabo haiko mule, lakini miye nimebasikia." Kitufe cha kompyuta kikasikika. "Batoto nimebafuta. Nitumie sauti ya bale bamama, yabo tu; yako ninayo."

Bitota akalia, tena mbele yao, bila kujificha. Furaha ilimzidi nguvu. Lydie akamwambia aache machozi, kazi ingalipo.

Vidude vya masikioni vilikuwa vya mtu mmoja, na muziki haukupaswa kusikika chumbani. Kwa hiyo Bitota akavivaa tena, akasimama mbele yao awaonyeshe pa kuingia. Marthe alianza mapema, ikabidi warudie. Mara ya pili Bitota aliufumbua mdomo, akauimba wimbo wa mama yake tangu mwanzo hadi mwisho bila kutoa sauti hata kidogo, na wanawake wakamjibu kwa nguvu zao zote.