Mgeni Hakungoja Kula

Daktari Muhanna alizaliwa Tabora, akatahiriwa Tabora, akasomeshwa Kurani na kuchapwa viboko Tabora, lakini kwa macho ya serikali alikuwa mgeni. Baba na mama yake walizaliwa Uarabuni. Nchi ilipopata uhuru, watu wa namna yake walipewa muda wa kujiandikisha uraia, na muda huo ulimkuta yeye ng'ambo, amezama kwenye masomo ya udaktari. Aliporudi, mlango ulikuwa umeshafungwa. Tangu hapo akawa anaishi kwa kibali, kama mpangaji katika nyumba alimozaliwa.

Sasa, mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, likaja agizo kwamba wageni wawaachie wananchi kazi. Aliyetaka kubaki aombe kuondolewa katika agizo hilo, na ruhusa ingetolewa kwa yule tu ambaye taifa linamhitaji kwelikweli. Muhanna hakuwa na wasiwasi. Alikuwa mtafiti wa malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, na karibu na Usinge kulikuwa na kijiji kipya kilichowekwa ubavuni mwa msitu uliojaa mbung'o hao. Watu walikuwa wakisinzia shambani, jembe mkononi. Dawa aliyokuwa akiijaribu ilikuwa imeanza kuwainua baadhi yao, na hapakuwa na mwingine wa kuiendeleza. Kama hilo si hitaji la taifa, basi taifa lenyewe halijui linataka nini.

"Usijisifu mbele yao," mkewe Fakhria alimwonya. "Watu wa ofisini hawapendi kuambiwa wanamhitaji mtu."

"Sitasema kitu. Wagonjwa wenyewe watasema."

Ombi lake lilipofika, ofisi ya serikali ikamtuma Ndugu Alois, kijana nadhifu kutoka Dar es Salaam, aje ajionee. Walikwenda kijijini kwa Landrova, Muhanna akiendesha. Njiani Alois akatoa sharti moja: daktari asiwatie watu maneno mdomoni. Atauliza yeye, watajibu wao. Muhanna alikubali, tena kwa furaha.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Lugembe, aliwapokea pamoja na wazee wenzake, vigoda vimeshapangwa. Mke wa Lugembe alikuwa ndani, amelala kwa malale tangu juzi, haonji hata uji mpaka atikiswe.

"Habari za hapa, wazee?" Alois aliuliza, amesimama.

"Nzuri, ndugu."

"Wote wazima?"

"Wazima kabisa."

"Na haya malale, yanawasumbua?"

Lugembe akatabasamu. "Hatujambo, ndugu. Karibu ukae. Kuku yuko jikoni."

Muhanna hakushtuka hata kidogo. Huku mgeni hapokewi kwa kilio. Njaa, msiba, maradhi, yote hayo hungoja mpaka mgeni akae, anawe, ale ashibe, ndipo mwenyeji akohoe na kusema, "Sasa, mgeni wetu, hali yetu ni hii." Muhanna mwenyewe, siku aliyofiwa na mama yake, aliwajibu watu mlangoni kwamba habari ni nzuri.

Alois akatazama saa. Treni ya Dar ilikuwa inaondoka Tabora jioni ileile. Akaandika mstari mmoja, akafunika kalamu.

"Nimeridhika. Twende."

"Ndugu, tungoje chakula," Muhanna alisema. "Kuna maneno yanakuja."

"Daktari, tulikubaliana." Alois alicheka. "Au mpango ni kunilisha kwanza ndipo niambiwe ya kuandika?"

Muhanna angeweza kupiga kelele. Angeweza kumshika yule kijana mkono na kumwingiza ndani akamwone mke wa Lugembe. Lakini kumwanika mke wa mtu mbele ya mgeni, mwenye nyumba hajafungua mdomo? Aliona haya. Akawasha gari. Mwanamke mmoja alitoka jikoni na sinia, akabaki amesimama nalo uani.

Jibu lilikuja bila kukawia. Malale yamekwisha kijijini, kwa hiyo mtafiti hahitajiki tena, na serikali inamshukuru kwa kazi nzuri. Fakhria alilia kwa hasira. Ile shukrani ndiyo iliyomchoma zaidi.

Siku ya kuondoka nchini, Lugembe alimkuta Muhanna stesheni ya Tabora, amekaa juu ya sanduku.

"Kwa nini mlimwambia ninyi wazima?" Muhanna alimfokea mzee wa watu, bila hata shikamoo. "Mkeo anakufa ndani, nawe unasema hatujambo!"

"Ningeanzaje kumlilia mgeni aliyesimama?" Lugembe alisema. "Tulikuwa tunangoja ale. Na wewe ulikuwepo, mwanangu. Ulijua yote. Mbona hukusema?"

Muhanna akashuka kwenye sanduku. Alinyamaza siku ile kwa sababu ileile iliyowanyamazisha wao, na serikali iliyomwita mgeni isingeweza kuielewa sababu hiyo hata ingeelezwa kutwa nzima.

"Mama anaendeleaje?" aliuliza mwishowe.

Safari hii Lugembe hakungoja chochote.

"Nimemzika juzi. Sasa binti yangu naye ameanza kusinzia. Nimekuja naye, yule pale kwenye benchi. Treni yako inaondoka saa ngapi?"

Fakhria alikuwa ameshapanda, anamwita dirishani, na mabehewa yalikuwa yameanza kusogea.